Kioo cha Ndege Yetu ya Viti Viwili

Mwanangu Resti,

Barua hii imeandikwa na fundi rangi hodari kuliko mafundi wote walio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Na kama samaki wangekuwa na magari, ningesema hata kuliko walio ndani ya maziwa yenyewe. Usicheke. Nimepaka malori, nimepaka geti la kanisa, nimepaka pikipiki ya mtu hadi mkewe akaipita pale sokoni akidhani ni ya diwani. Kuna bajaji niliipaka nyekundu iliyokolea mpaka ng'ombe wa jirani akagoma kupita njia. (Hiyo ya ng'ombe mama yako atakwambia ni uongo. Mama yako hakuwepo.)

Haya, shikamoo yako nimeshaiitikia, marahaba. Kaa chini. Boksi liko juu ya meza, limefungwa kamba ya katani. Najua mikono inakuwasha. Usilifungue kabla hujamaliza kusoma. Ndani kuna ndege yetu, na kwenye ndege yetu kuna jambo limetokea ulipokwenda Chala kumuaga bibi yako. Si jambo zuri. Mama yako analijua. Ameniambia, "Baba Resti, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, mtoto anaondoka kesho." Nikaja hadi mlangoni kwako, nikakuuliza kama umepakia sweta. Nikaondoka, nikarudi, nikakuuliza tena kama umepakia sweta. Ukaniambia, "Baba, Dar hakuna mtu anavaa sweta. Una nini leo?" Ndipo nikaona bora niandike. Nitalisema. Ila nitalisema kwa mwendo wangu, kwa hiyo nivumilie.

Mambo ya nauli, godoro, na nguo nyeupe zifuliwe peke yake, hayo mama yako ameyasema mpaka ukuta umeyakariri. Sina la kuongeza. Moja tu: wakijua umetoka Sumbawanga watakuuliza ungo wako wa kurukia usiku na wachawi umeuegesha wapi. Kila mmoja atauliza, na kila mmoja atadhani utani huo kaubuni yeye. Waambie ungo uko gereji, umeharibika, ndiyo maana umekuja kusomea ufundi wa ndege. Halafu watazame tu, usicheke. Watakuheshimu mpaka unamaliza chuo.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa kidato cha tatu. Mshikaji wangu Kasimu alikuwa amefungua robota la mitumba ya watoto pale sokoni, sisi tumesimama tunamcheka. Midoli isiyo na shingo, magari yasiyo na matairi, na chini kabisa boksi limechanika lenye picha ya ndege. Ndani yake mabawa yamo, magurudumu yamo, mwili wa ndege umegawanyika nusu mbili kama ganda la karanga, na kile kioo kirefu cha plastiki cha kufunika viti kimo, kwenye nailoni yake, hakina hata mkwaruzo. Kilichokosekana ni vitu vyote vya chumba cha rubani. Viti hamna, dashibodi hamna, sakafu hamna. Karatasi ya maelekezo ndiyo kabisa.

Kasimu akasema, "Deo, chukua bure. Hiyo ni maiti."

Ukamjibu, "Siyo maiti, anko. Haina utumbo tu."

Alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Mimi nikaona hapo hapo pa kujitapa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba utumbo huo nitauweka Jumapili moja tu, kati ya misa na chakula cha mchana. Jumapili hiyo, mwanangu, imekwenda mpaka umemaliza shule.

Tuanze na kiti cha kwanza, maana najua ukifika huko utawasimulia wenzako, na mimi nataka isimuliwe vizuri. Nilikichonga kwenye kikopo cha mtindi. Kilikuwa kiti kizuri, hata mimi nilitamani kukikalia. Kisha nikachukua rangi ya gari, nikailainisha kwa tina kama ninavyofanya gereji kila siku. Wewe ukasema, "Baba, jaribu kwanza kwenye kipande." Nikakuuliza, "Kati yangu na wewe fundi nani?" Nikapuliza. Kiti kikapendeza. Halafu kikaanza kulegea. Kikainama taratibu kama mlevi anayesinzia matangani, mpaka mgongo ukagusa magoti. Tina ilikuwa inakula plastiki, na mimi fundi mkuu nimesimama na bomba mkononi natazama.

Ulicheka ukiwa umelala sakafuni. Mimi nikatoka nje, nikatangaza kwamba plastiki yenyewe ni feki.

Niliporudi ndani ulikuwa umekata kikopo kingine. Ulikuwa umechukua ile rangi ya maji iliyobaki tulipopaka ukuta wa sebule, ukachanganya kijivu na kijani tone kwa tone kwenye kifuniko cha soda, ukapaka kipande pembeni kwa brashi, ukakiacha. Hukusema kitu. Kikakauka, hakikulegea. Niliiita rangi ya jikoni. Nilikutania nayo mwezi mzima. Na viti vyote viwili vilivyomo ndani ya ndege ni vyako, vimepakwa rangi ya jikoni.

Huko uendako wapo akina mimi. Wana madebe makubwa na sauti kubwa, na wengine watakuwa walimu wako, kwa hiyo utawaamkia na utawaitikia. Wala usibishane. Paka kipande chako pembeni, kiache kikauke. Mimi kilinishinda vibaya sana kile kipande, kuliko kama ungenijibu.

Halafu ile baridi! Mwezi wa sita upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi unaingia kwa mlango usioufungua, rangi haikauki, tunasogeza jiko la mkaa karibu na meza, mama yako anauliza leo tunakula juu ya nini, tunamwambia subiri dashibodi ikauke. Tukala ugali wa ulezi na maharage tumeweka sahani magotini, ndege imekaa mezani kama mgeni wa heshima. Mama yako akasema hajawahi kuona mgeni asiyekula wala asiyeondoka.

Na dashibodi ile, acha nikusifie, maana sisifii watu wengi zaidi yangu. Uliipaka nyeusi, ukachora saa zake kwa ncha ya sindano iliyochovywa rangi nyeupe, kila saa na mshale wake. Ikakauka. Ukadondoshea kila saa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya mama yako, likakaa kama kioo kidogo. Mimi nilishika pumzi. Mtu anayepaka ubavu wa lori kwa kupunga mkono alikuwa anaogopa kupumua mbele ya kitu kidogo kuliko ukucha. Mikanda ya viti ukaikata kwenye karatasi ya fedha ya chokoleti, bizimu zake tukakunja waya wa shaba kutoka honi mbovu. Hizo bizimu nilikunja mimi. Waambie.

Ila tuligombana. Ulipochukua masizi ya jiko ukaanza kuyapaka kwa kidole kwenye pedali, na unga wa penseli kwenye kingo za kiti, nilitaka kukunyang'anya. Nikakwambia, "Mimi maisha yangu yote nachukua kitu kikuukuu nakifanya kipya. Wewe umepata kipya unakichakaza?"

Ukasema, "Baba, hii ndege ya mafunzo. Kila siku anaikanyaga mtu mpya, na viatu vya matope. Ikiwa safi hivi haijamfundisha mtu."

Nikaona nibadilishe mada. Nikakuuliza na huko chini ya kiti unapaka cha nini, nani ataona?

"Rubani akidondosha kalamu," ukasema.

Nikainama nikaosha brashi, ukadhani nimenuna. Sikununa. Nilikumbuka pikapu ya Matai. Hujawahi kuisikia hiyo, kwa sababu gereji tumekubaliana isitajwe. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mzee mmoja wa Matai alileta pikapu yake imeliwa na kutu chini ya milango. Kutu unaikwangua mpaka ukutane na chuma safi, ndipo unapiga puti, ndipo unapaka. Mimi nikaona huko chini nani ataona? Nikapiga puti juu ya kutu, nikapaka bluu, ikang'aa, mzee akanishukuru mpaka nikaona aibu kidogo, siyo sana. Mvua ziliponyesha akarudi nayo. Hakutukana. Alishuka, akafungua mlango, rangi ikadondoka miguuni kwetu kama ganda la yai, akasema, "Fundi, gari lako limevua shati." Limekuwa langu! Nililipaka upya, nikalala chini ya milango ile nikikwangua, na mzee amekaa kwenye kigoda anakula muhogo, ananitazama, hasemi. Tangu hapo najua kwamba mtu asiyesema anachosha kuliko anayetukana. Wewe umemrithi, ingawa si ndugu yako.

Ngoja nikwambie na la shule, maana nimeshaanza kujivua shati mwenyewe. Watu wanadhani niliacha kidato cha pili kwa kukosa ada. Nimewaacha wadhani hivyo, inanipa heshima. Ukweli ni kwamba nilimpakia mwalimu mmoja rangi kwenye mlango wa gari lake, walimu wenzake wakanizunguka wakasifia, na mimi nikaona kumbe nimeshamaliza, hesabu za nini tena? Hakuna aliyenifukuza. Nilitoka getini napiga mluzi. Ndiyo maana ulipokuwa unasoma kwenye simu habari za rangi za ndani ya ndege, zile za Kiingereza, ulikuwa unanisomea kwa Kiswahili kwa sauti, ukisema macho yangu yamechoka kwa moshi wa rangi. Macho yangu ni mazima, Resti. Nayaona mabasi yanayotoka Chala kabla hayajapiga honi. Ulijua, nami nilijua kwamba unajua, na ulisoma kwa sauti hivyo hivyo mpaka tukamaliza. Sijawahi kukushukuru. Basi, asante.

Na huko kwenye simu ndiko ulikotoa ile habari ya viti. Ndege ina viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Mimi nilishajigawia cha mbele. Ukaniambia hapana, kwenye ndege kama hii mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma.

"Mimi fundi nikae nyuma kama mzigo?"

"Nyuma ndiko anakokaa anayejua, baba. Wa mbele anahitaji kuona."

Ulisema hivyo kunipoza, lakini ilinipoza kweli. Nikachora D ndogo chini ya kiti cha nyuma kwa sindano, wewe R chini ya kile cha mbele. Hakuna atakayeona, ila rubani akidondosha kalamu.

Sasa nimefika. Najua umeshaliangalia boksi tangu mstari wa kwanza.

Tulipounganisha nusu mbili za mwili wa ndege, utumbo wote ukiwa ndani, kilibaki kioo peke yake. Nikasema tukibandike. Wewe ukakiegesha tu juu yake, ukasema, "Hiki tukiache, baba. Nikirudi Krismasi tutakibandika pamoja." Nikasema sawa. Ukasema sawa yangu huiamini, nikupe mkono. Tukapeana mkono kama wauza ng'ombe.

Ukaenda Chala. Nyumba ikawa kimya. Nikaketi mbele ya ndege, nikakiinua kioo, nikakirudisha, nikakiinua. Halafu nikatoa mfukoni supaglu, ile ninayobandikia taa za nyuma za magari. Nikapitisha mstari mwembamba kuzunguka ukingo, nikakibonyeza, nikashika. Resti, kilikaa kama kimezaliwa pale. Nikamwita mama yako aje aone. Akatazama, akasema, "Nzuri. Mmekubaliana?" Nikasema tumekubaliana. Nikaifunika kwa beseni ili vumbi lisiingie, nikalala kama mfalme.

Asubuhi nikafunua beseni. Kioo kilikuwa cheupe. Cheupe kama ukungu wa Mbizi ule wa asubuhi, ambao ukitoka nje huoni hata choo. Nikadhani ni umande, nikafuta kwa kitambaa. Hakikufutika. Weupe ulikuwa kwa ndani.

Nikakimbia kwa Kasimu na ndege kifuani. Akaigeuza geuza, akasema, "Deo, gundi hii ikikauka inatoa moshi. Moshi umekosa pa kutokea, umeganda kwenye kioo. Na wewe ukaufunika na beseni juu yake!" Kisha akaniuliza kama nilijaribu kwanza kwenye kipande. Hata Kasimu, muuza mitumba, aliuliza hivyo.

Nimesugua kwa dawa ya meno siku nzima. Nje kinang'aa kama chupa ya maji. Ndani ni kweupe vile vile. Viti unaviona kama watu waliosimama nyuma ya pazia. Dashibodi huioni kabisa. Saa zako zote, mikanda, masizi kwenye pedali, D na R, vyote vimo humo na hakuna anayeweza kuviona, hata mimi niliyekuwepo vikipakwa.

Hakijafa, usilie. Kioo kinaweza kukatwa ukingoni kwa wembe, taratibu, kikatoka, kikasuguliwa kwa ndani. Au kikapasuka, na kingine hatuna. Mimi sijagusa. Najijua, ningekata kwa haraka, halafu ningesema wembe ni feki.

Nilipokibandika kioo nilitaka uibebe ndege. Nilishaona kichwani unavyoifungua mbele ya wenzako, wanakuuliza nani katengeneza, unasema baba. Ndiyo maana nilitaka iwe imekamilika. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Kasimu, na akanielewa. Sasa nakuomba kitu kingine. Ukimaliza kusoma, fungua boksi, itazame, kasirika unavyotaka, nitakuwa hapo uani najifanya naosha brashi. Halafu iache mezani. Nimeweka wembe mpya na kitambaa laini kwenye boksi. Vitakusubiri mpaka Krismasi. Kazi ya kukata ni yako, mimi nitashika ndege isitikisike. Na tutajaribu kwanza kwenye kipande.

Kasimu anasema kosa ni gundi. Mama yako anasema ni haraka zangu. Nimewaacha waseme, kama nilivyowaacha watu na ile ya ada. Ila wewe nisikuache.

Nilipoondoka kijijini kuja mjini kutafuta kazi ya rangi, babu yako alikuwa shambani. Aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia mavuno ya ulezi, na nikampa mkono. Ulezi ukavunwa, ukavunwa tena. Nilikuwa napaka malori, nasifiwa. Nilirudi kumzika. Sikuwa nimemdanganya, Resti, wakati nasema nilikuwa nasema kweli kabisa, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Kwa hiyo uliponipa mkono na kusema Krismasi, niliusikia mkono wangu mwenyewe, ule niliompa babu yako. Ulipokuwa Chala nikakaa na ile ndege nikaona ni bora niifunge mimi sasa, iwe imeisha wakati bado unalala chumba cha pili, kuliko niitazame wazi mezani kila mwaka. Wewe hukukosea kitu. Ulisema utarudi, na mimi sikukuamini.

Baba yako,
Deo, wa kiti cha nyuma